Msemaji wa Kumi na Mbili

Fomu zilikuwa kumi na moja. Karani wa kamati ya maadili ya utafiti alizihesabu, akalowesha kidole kwenye sifongo, akazihesabu tena, kisha akazitandaza mezani zote kana kwamba mojawapo imejificha nyuma ya nyingine.

"Wasemaji ni kumi na wawili," alisema. "Karatasi kumi na moja. Huyu wa kumi na mbili ni nani, mama? Ni jini?"

Mhadhiri alicheka.

"Si jini. Ni mama mkwe wangu."

"Ala. Basi afadhali, si wa mbali."

"Tunakaa naye nyumba moja."

"Na sahihi yake iko wapi?"

Mhadhiri akazitazama zile karatasi kumi na moja. Alikuwa amepanda milima na kuvuka mto kwa miguu kuwatafuta wale kumi na mmoja. Kila mmoja alimkalisha, akamsomea fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, na mzee mmoja asiyeona alimsomea mara tatu mpaka mzee akamwambia, mwanangu, nimeshakuelewa, niache nikojoe. Lakini yule aliyekuwa akimwekea chai kila asubuhi, yule aliyempa karibu nusu ya maneno yote ya tasnifu, hakumsomea kitu. Haikumjia akilini hata siku moja. Nani anamletea mama yake fomu jikoni?

"Sikumwomba," alisema kwa sauti ndogo.

Karani alivua miwani. Alikuwa mama wa makamo, amekaa kwenye kiti kile tangu wahadhiri wengi wa sasa walipokuwa wanafunzi, na alikuwa amewaona wengi wakilia mbele ya meza yake. Alisogeza glasi yake ya maji upande wa pili.

"Kunywa kwanza," alisema. "Leo Jumatatu. Mimi nafunga faili Alhamisi saa sita mchana, Ijumaa bodi inakaa. Una siku tatu za kumwomba mtu mmoja aliye nyumbani kwako. Wengine wanakuja hapa msemaji wao ameshazikwa."

Mkuu wa idara alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, ana kikombe mkononi. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusikika.

"Miaka mitano unawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuomba ruhusa," alisema, na wanafunzi wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi waligeuka kumtazama mwalimu wao. "Mwaka wa kwanza, Mwalimu. Somo la pili."

Mhadhiri alimeza maji pamoja na maneno hayo. Akachukua fomu moja tupu, akaikunja mara mbili, akatoka.

Idara ya isimu ilikuwa na ukanda mrefu wenye milango tisa. Nchi hiyo kila bonde lina lugha yake, na ukipita ukandani asubuhi unasikia watu wakisalimiana kwa lugha sita kabla hujafika chooni. Milango minane ilikuwa na vibao vya mbao vilivyochongwa majina. Mlango wa tisa, wa mhadhiri, ulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa utepe, kwa sababu yeye alikuwa wa mkataba. Utepe ulikuwa umeachia upande mmoja. Kila mwezi aliubandika upya.

Sasa idara ilikuwa imepata nafasi moja ya kudumu. Walioiwania ni wawili, yeye na kijana mmoja waliyemwita Daktari Tai, kwa kuwa alivaa tai hata siku za kufua. Tasnifu ya mhadhiri ikipita Ijumaa, angekaa kwenye usaili akiwa na kichwa kilichoinuka. Isipopita, mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi, na nyumba wanayokaa, nyumba ya chuo, inakwisha nao.

*

Alipofika nyumbani mumewe alikuwa barazani, amepiga magoti mbele ya friji la mteja kama mtu anayelitubia. Alikuwa fundi friji, na baraza yao haikukosa milango, waya na kompresa za watu.

"Mama Kasuku, mbona uso hivyo?" aliuliza.

"Nitakwambia. Mama yuko?"

"Jikoni na mjukuu wake. Wananisengenya, nawasikia, ila sielewi yote."

Kasuku ni jina la utani la binti yao, mwenye miaka kumi, kwa sababu aliiga kila aliyesema. Ndiye aliyekuwa akijifunza lugha ya bibi yake bila kufundishwa. Baba yake aliiacha alipoanza shule, wenzake walipomcheka. Mama yake, ambaye alizaliwa kwenye lugha nyingine kabisa, aliijia ukubwani na daftari na kinasa sauti. Kwa miaka mitatu jikoni kwao palisemwa lugha hiyo tu. Kile kinasa sauti kilikaa juu ya friji, baina ya kiberiti na kopo la majani ya chai, na kila mhadhiri alipokiwasha alisema, "Mama, nakiwasha," na Bibi alijibu, "Washa, kitashiba." Baadaye wote wawili walikizoea kama unavyoizoea saa ya ukutani.

Bibi alikuwa akichagua mchele. Mhadhiri aliiweka fomu kando ya sinia pamoja na kalamu, akaanza kuvua viatu.

"Mama, nitilie sahihi hapo chini. Ni karatasi ya kazini tu."

Ukimuuliza leo atakwambia kosa la kwanza lilikuwa la kusahau, na mtu husahau. Hili la pili ndilo linalomchoma mpaka kesho, hiyo "tu" aliyoitamka akiwa ameinama anafungua kamba za viatu.

Bibi alifuta mikono, akavaa miwani. Alisoma madarasa manne, na alichosoma alikisoma kweli. Alikwenda na kidole neno kwa neno, na mchele ukangoja.

"'Nimeelezwa na nimekubali,'" alisoma. "Nimeelezwa lini?"

"Ndiyo nakueleza sasa, Mama."

"'Sauti yangu ihifadhiwe maktaba na kusikilizwa na watafiti na umma.' Umma ni nani?"

"Ni watu."

"Watu gani?"

"Watu wote."

Bibi aliinua macho. "Wanisikilize nikisema nini?"

"Hadithi zako. Majina ya majani. Ulivyokuwa unamgombeza Kasuku kuhusu sabuni."

"Na nini kingine?"

Mhadhiri angeweza kusema hakuna kingine. Lakini alikuwa hajui kumdanganya mwanamke yule, na Bibi alikuwa hajui kuacha swali nusu. Basi akatoa kompyuta mkobani, akatafuta kile kipande, akakiwasha. Siku hiyo, miaka miwili nyuma, kinasa sauti kilikuwa kimewashwa kwa ajili ya hadithi, simu ikaita, na hakuna aliyekumbuka kukizima.

Sauti ya Bibi ikajaa jikoni, changa kidogo kuliko sasa, kali. Alikuwa akizungumza na mdogo wake wa tumbo moja, anayeishi kwao, bondeni. *Mama alikata roho akikuita. Akikuita wewe, si mimi. Nawe ulisema mvua inanyesha.* Kisha kimya. Kisha mlio wa simu iliyokatwa upande wa pili. Tangu siku hiyo ndugu wawili hao hawakuwa wamesemeshana.

Kasuku, mlangoni, hakuiga kitu.

Kipande hicho kilikuwa dakika nne. Kwa kazi ya mhadhiri kilikuwa lulu, kwa kuwa tasnifu yake ilihusu jinsi watu wa bonde lile wanavyogombana na wanavyopatana, na hakuna mtafiti aliyewahi kunasa ugomvi wa kweli, usioigizwa. Sura ya nne nzima ilisimama juu yake. Siku alipokigundua alizunguka ofisini akipiga makofi peke yake. Sasa alikumbuka makofi hayo akaona haya.

Bibi alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Hayo niliiambia simu," alisema. "Sikukuambia wewe."

Akaisukuma fomu taratibu kwa kidole kimoja, kama mtu anayemrudishia mgeni kilicho chake, akarudi kwenye mchele.

*

Asubuhi ya Jumanne chai ilikuwa mezani kama kawaida. Bibi alisimama kando, mikono imeshikana mbele.

"Karibu chai, Mwalimu," alisema. Na alisema kwa lugha ya mjini.

Hapakuwa na tusi humo. Sauti ilikuwa laini, sukari ilikuwa ya kutosha. Ila kwa miaka mitatu hakuwa amemwita Mwalimu, alikuwa akimwita mwanangu, na hakuwa amemsemesha kwa lugha ile wanayotumia watu na mpanga foleni wa benki. Mhadhiri aliinywa chai ile ikampita kama maji ya dawa.

"Nimsemeze?" mumewe alimuuliza nje, akifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta.

"Usimsemeze. Atasema nimekutuma."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Ninayo mifano mia mbili na kumi na miwili ya watu wakiombana radhi. Nimeichora kwa majedwali. Nami sijui nianzie wapi."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia, na mwishowe akamshika bega kwa kiwiko ili asimchafue nguo. "Mimi friji za watu nazitengeneza," alisema, "letu linavuja tangu mwaka jana. Nenda kazini. Utakuta njia."

Kazini mkuu wa idara alimwita, safari hii akafunga mlango. Alikuwa amefikiria jambo lile, na kwa namna yake alitaka kusaidia. Alifungua droo, akatoa pedi ya wino, ile ya dole gumba, akaiweka mezani.

"Fomu inakubali dole," alisema. "Mama mkwe wako hatakushtaki. Kamati haina muda wa kuangalia vidole vya watu. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, Mkuu."

"Ninataka nafasi hii uipate wewe. Usije ukaniangusha kwa ajili ya karatasi."

Aliichukua pedi kwa sababu hakujua namna ya kumrudishia mkubwa wake kitu mkononi. Aliiweka mezani kwake, akaitazama, akakitazama kidole gumba chake. Ni kidole kama vidole vingine. Kingebonyea kwenye wino, kingebonyea kwenye fomu, na mwisho wa mwezi wangelala nyumba ileile. Alifikiria shule ya Kasuku, iliyo hatua mia mbili kutoka mlangoni. Alifikiria baraza na kompresa za watu, zitahamia wapi. Halafu akamkumbuka yule mzee asiyeona, aliyesomewa mara tatu, na jinsi dole lake lilivyokuwa likitafuta mahali pa kukaa kwenye karatasi.

Akaifunika pedi, akaenda kubisha mlango wa Daktari Tai.

Daktari Tai alikuwa anakula karanga kwenye gazeti. Alisimama, akafuta kiti kwa tai yake bila kujijua.

"Naondoa kipande kikubwa cha sura ya nne," mhadhiri alimwambia. "Msemaji hakuruhusu. Majedwali yote itabidi yahesabiwe upya na sina muda. Wewe una ile programu ya kuhesabu. Ninajua tunagombea nafasi moja, na ukisema hapana sitakuchukia."

Daktari Tai alitafuna taratibu.

"Kipande gani?"

"Kile cha simu."

"Aisee." Alikuwa amekisikia kwenye semina, idara nzima ilikisikia, na jambo hilo lilimchoma mhadhiri mara ya pili. "Kile ndicho bora kuliko vyote."

"Ndicho."

"Lete faili," alisema, akasogeza karanga katikati ili naye apate. "Nikikushinda kwa sababu ya fomu, nitakuwa nimeishinda fomu, sijakushinda wewe. Mama yangu atauliza ulimshinda nani, nimwambie karatasi?"

Walikaa mpaka saa kumi jioni. Idadi ya mifano iliposhuka, mambo mengine yakaonekana waziwazi zaidi, kama chumba kilichotolewa kabati. Mojawapo lilikuwa hili: katika watu wote aliowarekodi, hakuna hata mmoja aliyeanza kuomba radhi kwa kusema nisamehe. Wote walianza kwa kuomba kitu kidogo. Maji ya kunywa, moto, sindano. Mkosaji alijitia kuwa na shida ndogo, na mkosewa akapata nafasi ya kutoa. Akishatoa, ugumu umekwisha, yanayobaki ni maneno tu. Mhadhiri alikuwa ameliandika hilo katika ukurasa wa mia na arobaini, kwa herufi za mlazo. Alilisoma kwenye skrini kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine aliyemzidi akili.

"Vipi?" aliuliza Daktari Tai.

"Kuna mjinga mmoja namjua," alisema, akachukua mkoba wake.

*

Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la jirani. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, anamsuka Kasuku. Mhadhiri hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye kizingiti, akauweka mkoba mapajani. Mpini wake mmoja ulikuwa umekatika siku nyingi na kufungwa kwa uzi wa viatu.

"Mama," alisema, kwa lugha ya Bibi, "naomba sindano na uzi."

Vidole vya Bibi vilisimama kichwani mwa mtoto. Kasuku alitaka kugeuka, akavutwa nywele. Upande wa baraza, kelele za nyundo zilikoma ghafla. Fundi friji alikuwa na masikio pia.

Kisha Bibi akaguna.

"Umekuja na ukurasa wa kitabu chako," alisema, kwa lugha yake.

"Nimekuja nao. Sina kingine."

"Na mwenye kuandika kitabu kizima anasahau mpaka siku ya pili."

"Nimesahau, Mama."

Bibi alijipapasa kwenye ukosi wa gauni, mahali alipokuwa akichomeka sindano tangu ujana wake, akaichomoa pamoja na uzi wake mweusi uliokuwa umezungushwa. Akaitoa mkono ukiwa umenyooka.

"Shika. Usinipotezee."

Mhadhiri aliipokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo machozi yakaja, na maneno yakaja nayo. "Nilichukua bila kuomba. Nilikwenda mbali kuwaheshimu watu, nikarudi nyumbani nikaona wewe ni wa hapahapa, huombwi. Kile kipande nimeshakitoa. Watu wa idara walikisikia, hilo siwezi kulirudisha. Lakini maktaba hakiendi, na kwenye kitabu hakimo tena."

"Na kazi?"

"Kazi tutaiona Ijumaa."

"Na nyumba hii?"

"Nayo tutaiona."

Bibi alirudi kusuka. Alimaliza mstari mzima kabla hajasema tena. "Mimi sikukasirika kwa sababu ya umma," alisema. "Nilikasirika kwa sababu nilijisikia. Mtu akisema hajisikii. Nilidhani siku ile nilizungumza na mdogo wangu kwa upole, ila yeye ndiye aliyekata simu kwa kiburi. Miaka miwili namwita mwenye kiburi. Kumbe ile sauti, hata ningekuwa mimi ningekata."

Kasuku aliuliza, "Bibi, umemaliza upande huu?"

"Bado. Kaa." Kisha kwa mhadhiri: "Kesho leta hicho chombo na yote yaliyomo. Nataka kusikia moja moja. Nitakalokubali nitakubali, nitakalokataa litatoka. Ndipo uniombe sahihi."

"Ni vipande tisini na vinne, Mama."

"Una pa kwenda kesho?"

*

Jumatano nzima walisikiliza. Mhadhiri aliomba ruhusa kazini, na kwenye daftari Kasuku, aliporudi kutoka shule, akachora alama: mviringo kwa ndiyo, msalaba kwa hapana. Fundi friji alileta chai mara nne na kila mara alikuta sababu ya kubaki. Kipande cha tano kilikuwa Bibi anaimba huku anasugua sufuria.

"Kumbe nina sauti ya bata," alisema Bibi.

"Bata mzuri lakini," alisema mwanawe.

"Nyamaza, wewe hata lugha huna." Lakini alisema akicheka, na fundi, ambaye aliielewa sentensi hiyo vizuri sana kwa kuwa ameisikia maisha yake yote, alijibu kwa lugha ya mama yake, maneno manne, moja limepinda. Bibi alimwangalia. Hakumsahihisha. Alimsogezea mkeka.

Misalaba ilikuwa saba. Mmoja ulikuwa kisa cha jirani aliyeazima kitu asirudishe, kwa kuwa yu hai na ana aibu zake. Mwingine ulikuwa wimbo uliokuwa na neno ambalo Bibi hakutaka Kasuku alijue kabla ya wakati wake, ingawa Kasuku alishaliiga tangu zamani. Wa mwisho ulikuwa ule wa simu. Bibi aliomba ausikie tena mara moja. Akausikia. Kisha akasema, "Futa," na mhadhiri akafuta mbele ya macho yake, akamwonyesha mahali palipobaki tupu.

Alhamisi saa tatu asubuhi Bibi alivaa gauni la kutokea, ingawa hakuwa akitoka, akaketi jikoni na simu. Mhadhiri alielewa. Alikichukua kinasa sauti juu ya friji, akamwonyesha kuwa kimezimwa, akatoka nacho mpaka barazani, akakiweka ndani ya friji la mteja na kufunga mlango.

"Umefanya nini?" fundi aliuliza.

"Shh."

Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Walisikia simu ikiita, ikaita sana, ikapokewa. Hawakusikia upande wa pili. Walisikia Bibi akisalimu, kimya, na Bibi tena, kwa sauti ndogo kuliko zote tisini na nne.

"Ule ungo wa Mama bado uko kwako? … Nilikuwa nauomba. Mchele hapa naupepeta kwenye sinia."

Fundi akashika ukuta, akatega sikio. Kisha kikaja kicheko cha Bibi, chenye maji ndani yake, nao wakaondoka pale kwa vidole vya miguu, kwa sababu yaliyofuata hayakuwa yao.

Saa tano na nusu karani wa kamati aliona mlango wake ukifunguliwa na watu wawili. Mhadhiri alikuwa amemleta mama mkwe wake mwenyewe, na fomu haikuwa imejazwa bado. Ilisomwa pale, mstari kwa mstari, kwa lugha ya Bibi, huku karani akisubiri ameshika mpini wa muhuri. Bibi aliuliza maswali matatu, akajibiwa. Kisha akaandika jina lake polepole, herufi zimesimama wima kama watoto kwenye gwaride la shule, na mahali pa kuandika uhusiano wake na mtafiti, akaandika *mama*.

"Kumi na mbili," alisema karani, akapiga muhuri. Halafu akainuka akamletea Bibi kiti, ingawa walikuwa wanaondoka.

Mhadhiri alipita ofisi ya mkuu wa idara kumrudishia pedi yake ya wino. "Ahsante, Mkuu," alisema. "Anajua kuandika." Mkuu aliipokea, akaitazama kama aliyeisahau ilivyo, akasema vizuri, vizuri, na mara hii alisema kwa sauti ya chini.

*

Ijumaa, mwenyekiti wa bodi alifungua tasnifu mahali palipotiwa alama.

"Naona hapa chini umeandika, mifano saba imeondolewa kwa uamuzi wa msemaji. Niliusikia mmoja kwenye semina. Ulikuwa bora kuliko iliyobaki."

"Ndiyo," alisema mhadhiri.

"Hukujaribu kumshawishi?"

"Hapana. Nilimwomba sindano."

Waliosoma sura ya nne walicheka. Ambao hawajaisoma walifunua kurasa wakaisoma pale pale. Ilipita nusu saa. Tasnifu ilipokelewa na masahihisho madogo, mengi yakiwa ya nukta na mabano.

Usaili ulikuwa wiki iliyofuata. Matokeo hayakutangazwa, maana chuo hakikuwahi kutangaza jambo kwa wakati. Ila Jumanne moja asubuhi mhadhiri alimkuta seremala wa chuo ukandani, anapima mlango wa tisa kwa futi, penseli iko sikioni.

"Jina lako lote linaenea hapa," alimwambia, "au tufupishe?"

Daktari Tai alitoka ofisini kwake kumpa mkono. Ilikuwa dhahiri kwamba hakulala vizuri, na ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa amejiandaa kumpongeza asilegee. "Lisifupishwe," alimwambia seremala. Mwakani profesa mmoja angestaafu na nafasi nyingine ingefunguka, na mhadhiri alikuwa ameshamwahidi kumsomea sura zake zote, hata zile za kuchosha.

Jioni ya siku hiyo mvua ilinyesha kama imemwagwa kwa ndoo. Maji yalipiga bati, baraza ikalowa, na fundi akawa anaokota kompresa za watu. Ndipo akaona mtu anakuja njiani, mwanamke mzee mnene, amebeba ungo mkubwa kichwani uliofunikwa kwa nailoni. Ungo ulikuwa mkavu. Yeye alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa.

Alisimama mlangoni pa jikoni, maji yanamtiririka.

"Mvua inanyesha," alisema.

"Naiona," alisema Bibi. "Ingia."

Walimpa kanga kavu, wakampa chai, wakampa tena. Ndugu wawili walikaa bega kwa bega wakiupapasa ule ungo ukingoni, palipokuwa pamefumwa upya na mikono ya mama yao. Baada ya kikombe cha tatu, mgeni aliangaza jikoni.

"Kiko wapi hicho chombo kinachokula maneno?" aliuliza. "Dada yangu amesema miaka mitatu. Mimi nami nina yangu, na mengine yanamhusu yeye."

Mhadhiri alinyoosha mkono kuelekea juu ya friji, kisha akaurudisha. Alikwenda chumbani, akarudi na karatasi. Akakaa chini, kwenye mkeka, akaanza kusoma mstari kwa mstari bila haraka, na Kasuku akirudia kila neno nyuma yake. Alipofika katikati mgeni alimkatiza.

"Umma. Umma ni nani?"

Mhadhiri alifungua mdomo kujibu, lakini Bibi alimwahi.

"Ni watu wote," alimwambia mdogo wake, akimfunga kanga vizuri mabegani. "Kwa hiyo keti sawasawa."